Usiwashe, Fundi Yuko Kazini

4 Februari

Mpwa wangu Sindano,

Kaa kwanza ndipo usome, maana anayekuandikia ni mtu mwenye bahati kuliko wote waliowahi kushika bisibisi. Juzi umeme umenirusha tena. Mara ya tatu hiyo maishani. Nilikuwa nimeinamia mota ya mashine ya kusaga, wenzangu wakaona nimeruka kama chura na kutua juu ya gunia la matambara ya kufutia grisi. Nikasimama, nikajikung'uta, nikauliza, "Chai iko wapi?" Bosi akasema huyu si mtu, huyu ana roho ya paka. Nikamwambia, bosi, paka aje kwangu ajifunze.

Miaka hamsini na nane, mpwa, na sijawahi kulazwa hospitali hata siku moja. Daktari akikutana nami yeye ndiye anayeniuliza siri. Na ule mwaka niliofanya kazi kwenye bwawa la kuzalisha umeme, wenzangu walirudishwa makwao na homa mmoja mmoja, mimi nilikuwa nakula meza moja na mainjinia, nikarudi shingo haionekani. Bahati haifundishwi shule, ndiyo maana shule niliiacha mapema.

Barua yako ilikuwa fupi kama risiti. "Mama amechoka." Spika wetu achoke? Mwanamke aliyetangaza mabasi kwenye kipaza sauti cha kituo miaka ishirini na sita, dereva akisikia namba ya basi lake anakimbia na kijiko mdomoni? Mpe maji ya moto na ndimu, mwambie kaka yake anamsalimu.

Simu usinipigie, imeungua kwenye chaji. Ndiyo, fundi umeme kaunguza simu. Cheka, ukimaliza uniandikie.

Mjomba wako

19 Februari

Shikamoo mjomba,

Huku tunakwenda. Wajukuu zako wazima. Mkubwa kavunja dirisha la jirani, mdogo kaota meno mawili na anayajaribu kwenye bega langu. Ni msimu wa sare za shule, nashona kola mpaka naziona kwenye sahani. Pole kwa kurushwa, na punguza kujisifu. Barua yako nilimsomea mama. Zamani angecheka hadi majirani wagonge ukuta. Safari hii aligeukia ukutani mwenyewe.

Mjomba, niliandika "amechoka" kwa kuwa sikujua niandikeje. Mama amelazwa wodi ya magonjwa ya akili, wiki ya tatu sasa. Alianza kwa kukosa usingizi. Halafu akaanza kusema mabasi yote yanayochelewa yanachelewa kwa makosa yake, kwamba siku moja alitangaza saa isiyo sahihi na tangu siku hiyo hakuna basi lililofika linakokwenda. Nikamshika mkono nikampeleka kituoni akajionee, mabasi yanashusha watu, watu wanakumbatiana. Akaniambia polepole, "Hao wamewekwa tu, ili nisijisikie vibaya." Baada ya hapo chakula akakiacha, na maneno nayo yakaisha.

Dawa za aina mbili hazijamgusa. Daktari wake ni mama mmoja kijana, mfupi, raba nyeupe miguuni, hajui kutembea, anakimbia tu. Anataka kumpa tiba ya umeme. Mgonjwa analazwa usingizi wa dawa, umeme kidogo unapitishwa kichwani, ubongo unatikisika kama wa mtu mwenye kifafa kwa muda usiofika dakika moja, kisha anaamka. Mara mbili kwa wiki, jumla kama mara nane.

Nikamwambia asubiri, na sababu unaijua. Kwetu hakuna aliyewahi kubadilisha hata balbu bila kukuuliza. Na neno la mwisho alilotamka mama, waliposema umeme mbele yake, lilikuwa hili: "Ya umeme muulizeni kaka." Tangu hapo siku kumi na moja, kimya. Fomu ya kusaini iko mkobani mwangu. Bila wewe sisaini.

Daktari ameuliza na jambo jingine. Je, kuna ndugu wa damu aliyewahi kuugua namna hii, na kama yupo, alipona kwa tiba gani? Anasema jibu hilo lingemsaidia kuamua. Nimesema nitakuuliza wewe, ndiye mkubwa uliyebaki.

Leo nimekumbuka ile siku uliyokuja umevaa shati nililokushonea, shati langu la kwanza la mtu mzima, ukaniuliza, "Hili kanishonea nani?" Tulicheka hadi machozi. Nina njaa ya mzaha kama ule. Andika upesi.

Sindano

27 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Huyo mvunja dirisha mwambie nitamlipia kioo, ila asirudie kwa jirani yuleyule. Mimi mzima, mkono ulioungua kidogo siku ile ya kurushwa umepona, kazini tumeletewa mota tatu za pampu zimelowa, tunazisuka upya waya kwa waya.

Hapana. Nimeliweka neno mapema usilitafute. Mdogo wangu hapitishwi umeme kichwani. Mimi na umeme tunajuana kama mke na mume, nampenda na simwamini. Watu wanaogopa volti. Volti ni kelele, kinachoua ni ampea. Huyo daktari wako mwenye raba anajua ampea? Muulize mashine yake inatoa ngapi, kwa muda gani, na swichi iko mkononi mwa nani. Muulize waya wa kwenda ardhini uko wapi. Umeme hauendi mahali usipoweza kurudi, sasa huo wake unarudi kwa njia gani, na moyo wa mdogo wangu uko kwenye njia hiyo au hauko? Akikujibu "wewe huwezi kuelewa," chukua mgonjwa wako muondoke.

Kuhusu ukoo: hakuna. Mwandikie HAKUNA kwa herufi kubwa. Kwetu watu hufa wakiwa katikati ya sentensi. Vichwa vyetu vizima, ni midomo tu iliyozidi.

Msalimie Spika. Mkune mgongo, tangu utotoni anapenda kukunwa mgongo.

Mjomba

10 Machi

Shikamoo mjomba,

Barua yako nilikwenda nayo hospitali, nikamsomea daktari maswali yako moja baada ya jingine. Nilidhani atakasirika. Alikaa chini, mara ya kwanza kumwona amekaa, akasema, "Huyo mjomba angekuja kunifundishia wanafunzi." Kisha akanipeleka kwenye chumba chenyewe, mashine imezimwa, akajibu yote.

Ampea haifiki moja. Nikamwambia mjomba atasema hiyo inatosha kuua. Akasema, "Mwambie fundi ana haki. Ingeua kama ingepita kifuani mfululizo. Hii inapita kati ya pedi mbili, zote ziko kichwani, moyo hauko njiani. Na haiji mfululizo, inakuja kwa mapigo. Kila pigo ni fupi kuliko sehemu ya elfu moja ya sekunde, na yote pamoja hayamalizi sekunde nane." Waya wa ardhini: upande wa mgonjwa umetenganishwa kabisa na umeme wa ukutani, njia pekee ya kurudi ni pedi ya pili. Swichi anaishika yeye mwenyewe, na haishiki mpaka daktari wa usingizi, mzee mmoja mpole anayeimba puani, amwambie "tayari."

Mjomba, mimi ni fundi pia, najua kazi safi nikiiona. Mgonjwa anapewa dawa ya kulegeza misuli ili mwili usirukeruke. Lakini kabla ya dawa hiyo wanamfunga mkanda kwenye kifundo cha mguu mmoja, isifike huko. Basi mwili wote umetulia, ni kidole gumba tu kinachocheza, nao wanakitazama huku wanahesabu sekunde, na karatasi inatoka kwenye mashine ina michoro ya ubongo kama mshono wa zigizaga. Nani alifikiria hilo la mguu? Ningependa nimpe mkono.

Nikamuuliza, na utafiti unasemaje, maana watu mtaani wanasema ni mateso. Hakunificha. Zamani ilifanywa bila usingizi, na ilifanywa kwa watu ambao hawakuulizwa, ndiyo maana jina lake ni baya. Kwa ugonjwa kama wa mama, unaomfanya mtu aamini mambo ambayo hayapo na aache kula, tafiti nyingi zinaonyesha zaidi ya nusu ya wagonjwa wanapata nafuu kubwa, na mapema kuliko kwa vidonge. Siku hizi watafiti wanapunguza upana wa mapigo na kuhamisha pedi zote upande mmoja, wapate nafuu ileile bila kugusa sana kumbukumbu. Kwa sababu bei ipo: mambo ya wiki au miezi ya karibu na tiba yanaweza kufutika, mengine yasirudi. Na ukiacha bila matibabu ya kuendeleza, wengi ugonjwa huwarudia. Nikauliza inaponyaje hasa. Akacheka: "Tuna maelezo matano, tukiwa na uhakika tungekuwa na moja." Nilimpenda hapo.

Mama nimempima kiuno kwa futi yangu, mazoea ya kazi. Gauni lake la bluu nimelipunguza sentimita kumi na mbili.

Jibu tu, mjomba. Nimeuliza kila ulichotaka.

Sindano

25 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Barua hii nimempa kondakta wa basi la asubuhi, akukabidhi mkononi leo hiihii.

Siku kumi na tano umenyamaza. Tangu juzi mama hanywi hata maji, wamemwekea dripu. Daktari amesema wiki hii au tutamkosa. Nimekupigia simu mara tisa, inaita mpaka inakata. Simu iliyoungua haiiti, mjomba.

Nataka neno moja, ndiyo au hapana. Hapana nikiipata, nitasaini hivyohivyo, na lawama nitaibeba. Ila nilitaka niwe nawe.

Sindano

26 Machi

Mpwa wangu,

Ndiyo. Saini.

Kondakta amesimama mlangoni ananiharakisha, kwa hiyo salamu nitazileta zote siku nyingine. Sikiliza vizuri. Jino lake la kubandika walitoe kabla. Akiamka atakuwa na kichwa kizito na ladha mdomoni kama amelamba ufunguo, mpe maji kidogo ya kusukutulia, usimpe mengi. Usimuulize "unanikumbuka?" Hilo swali linatisha kuliko mashine. Mwandikie karatasi kubwa: uko hospitali, leo ni siku fulani, binti yako yuko nje anakuja. Ibandike mahali ambapo jicho litaifikia bila kugeuza shingo. Taa ya dari wampunguzie. Mara mbili za kwanza hamtaona kitu, msikate tamaa, mota iliyolowa haikauki kwa jua la siku moja.

Nimempa kondakta na kibao. Kile chekundu cha bati tunachotundika kwenye swichi kubwa mtu akiwa ndani ya mashine. Kitundike kitandani kwake. Sheria ya kibao unaijua: anayekitoa ni yule aliyekitundika, hata bosi hakigusi. Wewe unatundika kwa niaba yangu, kwa hiyo kukitoa ni kazi yangu.

Na huyo daktari mwambie fundi amekubali. Miaka arobaini nahangaika na waya, sijawahi kuwaza kuacha mguu mmoja nje ili unipe habari za mwili mzima. Huo ni ufundi. Nampigia saluti, na huyo mzee anayeimba puani pia.

Mjomba

16 Aprili

Shikamoo mjomba,

Wote wazima, dirisha limelipwa, meno ya mdogo sasa ni manne. Na mama ameongea.

Nianze mwanzo. Kibao nilikitundika kwenye chuma cha kitanda. Muuguzi mkuu akakisoma: USIWASHE, FUNDI YUKO KAZINI. Akasema, "Sasa dada, tuwashe au tusiwashe?" Nikamweleza: maana yake humu ndani kuna mtu, mfanye kwa uangalifu. Akakinyoosha kikae sawa, na tangu siku hiyo wahudumu wote wanafuta vumbi wakikizunguka, hakuna anayekigusa.

Mara ya kwanza hakukuwa na badiliko. Mara ya pili alikunywa uji nusu kikombe. Mara ya tatu alinitazama, akanitazama kweli, kama mtu anayetafuta kitasa gizani akakipata. Baada ya mara ya nne, nimekaa pembeni natia vifungo, nikasikia sauti imekwaruza kama kipaza sauti kilichokaa stoo: "Fundi yuko kazini. Fundi gani? Mbona simwoni?"

Mjomba, niliangusha vifungo vyote. Daktari alikuja mbio, raba zinalia sakafuni. Mama akamtazama akamwambia, "Mwanangu, hata basi la haraka lina vituo." Wodi nzima ilicheka. Yule mzee wa usingizi aliacha kuimba ili acheke.

Mabasi sasa anasema yanafika. Mwezi wa kulazwa kwake haukumbuki, anauliza mara mbilimbili, nami namjibu mara mbilimbili.

Lakini furaha haijakaa. Amefika mara ya tano, ya sita ameikataa. Aliomba barua zako, nikamsomea zote, nikidhani namchangamsha. Nilipofika pale unaposema hujawahi kulazwa hata siku moja, akanizuia kwa mkono. Kisha akasema, "Unaona? Kaka karushwa na umeme mara tatu akaamka anaomba chai. Ukoo mzima una vichwa vizima, mimi ndiye niliyeoza. Mwache aliyeoza aende nyumbani." Daktari anasema akiishia hapa katikati anaweza kuanguka tena, safari hii chini zaidi. Lakini kumlazimisha hawezi. Mama sasa anaongea, kwa hiyo neno lake ni lake, na daktari analiheshimu hata likimuumiza. Amempa hadi Jumatatu.

Na jana mama alikigeuza kibao chako. Nyuma kuna mikwaruzo ya bisibisi. Akaihesabu kwa kidole. "Tisa," akasema. "Ya nini?"

Mimi pia nina swali. Aliposukutua mara ya kwanza alifanya ishara kama mtu anayelamba chuma. Hilo la ufunguo sikukuandikia mimi, mjomba, na daktari hakunitajia. Umelijuaje?

Sindano

18 Aprili

Mpwa wangu Sindano,

Marahaba, na pongezi kwa meno manne. Barua hii isome kwa sauti, kitandani kwa mama yako, na daktari awepo kama ana nafasi. Usiruke mstari kwa kunionea huruma.

Mdogo wangu Spika. Hilo la vituo vya basi limenifurahisha, nimelirudia karakana nzima. Sasa nisikilize mimi, nadra nitake kusikilizwa bila watu kucheka.

Miaka kumi na moja iliyopita niliacha kulala. Nikaanza kuamini kila nyumba niliyowahi kuiwekea waya itaungua, na walalao ndani wataungua kwa mkono wangu. Nilikuwa nazunguka mitaa nagonga milango ya watu, nawaambia tokeni. Wewe ulizuia mabasi, mimi nilichoma mji. Nikaacha kula. Bosi wangu akanibeba kwenye gari la kazi katikati ya mota mbili hadi hospitali. Aliponilaza akatoa kibao chetu mfukoni, akakitundika kitandani kwangu, akasema, "Hakuna wa kukitoa ila mimi." Hicho ndicho kibao unachohesabu mikwaruzo yake. Kila nilipotoka chumba cha umeme nilikuwa nakikwaruza mara moja, nisije nikasahau ni mara ngapi. Mara tisa. Ya saba ndiyo niliyoamka nikasikia njaa. Kwa hiyo ladha ya ufunguo sikuisoma kitabuni.

Sindano, shati. Nilipojiona kwenye kioo nimevaa shati zuri vile, sikujua lilitoka wapi. Nilikuuliza kwa sababu nilitaka kujua. Ulipocheka nikacheka. Siku uliyonipa imefutika, sijawahi kuipata mpaka leo, na ndiyo bei niliyolipa. Ningeilipa tena. Ukinisimulia tu ilikuwaje, itanitosha.

Daktari, wewe uliyeuliza kama kuna ndugu wa damu aliyeugua hivi: yupo. Nilikwambia HAKUNA kwa herufi kubwa na mgonjwa wako akakaa mwezi mzima bila dawa iliyokuwa imeshajulikana damu yetu inaikubali. Niliwaza, nani atampa kazi ya nyumba yake fundi aliyewahi kugonga milango? Wahenga wana methali juu ya mficha maradhi, siirudii, nusura itimie kwa mdogo wangu badala yangu. Simu ni nzima, inaita vizuri sana. Niliogopa sauti yangu ingesema kabla yangu.

Spika, nyumba zote nilizoweka waya ziko wima hadi leo. Hukuoza. Uliungua fyuzi, na fyuzi niliwahi kuungua kabla yako. Jumatatu ingia chumbani. Kikwaruze kibao kwa sindano ya mwanao, upande ule ule wenye tisa zangu, tano ulizokwisha pata na ya sita. Mimi nafika na basi la Jumapili, litangaze hata kwa kunong'ona nisikie. Kibao nitakitoa mwenyewe siku daktari akisema tayari, si kabla.

Na ile barua yangu ya kwanza, ya tarehe nne Februari, muichane. Bwawa la umeme sijawahi kuliona. Mwaka ule nilikuwa wodini, miezi minne. Bahati niliyojisifia ilikuwa uongo.

Kaka yako